Sikuacha Kazi

Asubuhi ile mpiga kamera alipanda ghorofa tatu kwa ngazi, kamera begani, na hakuna aliyemwonea huruma. Huruma ilianza adhuhuri, mtayarishaji wa filamu aliposikia kwamba mwanamke huyo ana mimba ya miezi minne.

Akamwita kwenye chumba cha mavazi, ambamo mpambaji wa waigizaji alikuwa akiosha brashi zake, akamsogezea karatasi.

"Dada yangu, nakufikiria wewe. Tia saini hapa ukapumzike."

Aliisoma mstari kwa mstari. Ilisema ameacha kazi kwa hiari yake.

"Mbona sijaacha?"

"Kamera ile nzito. Na tumbo hilo..."

"Tumbo halishiki kamera, bosi. Mikono ndiyo inashika. Kama unanifukuza, andika umenifukuza, na sababu uiandike."

Mtayarishaji akacheka kicheko kisichofika machoni. "Ukitoka mlango huo, hakuna atakayekuajiri tena mji huu."

Mpiga kamera akatoka bila kutia saini. Kesho yake alifungua shauri kwenye baraza la kazi. Mumewe alimuuliza kama ana uhakika.

"Mkataba ninao," akajibu, "na mdomo ninao."

Siku ya kusikilizwa, mtayarishaji aliapa bila kupepesa macho kwamba mama huyu aliomba mwenyewe kuondoka. Mpiga kamera akajiuliza: neno lake dhidi ya neno la mkubwa, nani atamsikiliza? Ndipo akaingia mpambaji, ambaye wiki mbili nzima hakupokea simu zake. Maneno yake yalinyooka.

"Nilikuwepo. Alikataa kutia saini, bosi akamtisha. Mimi mwaka juzi nilitia saini karatasi kama hiyo hiyo, nikiwa na mimba ya mwanangu. Nilipojifungua nikarudi kuomba kazi upya, kama mgeni."

Baraza likaamua: arudishwe, kazi ile ile.

Nje, mtayarishaji akamfuata. "Haya, tutakutafutia kiti ofisini, uwe unapanga karatasi."

"Imeandikwa kazi ile ile, bosi. Au nikusomee?"

Jumatatu alirudi, tumbo limemtangulia. Mpambaji alikuwa mlangoni kwa mtayarishaji akidai nakala ya mkataba wake, na nyuma yake wamejipanga msusi na mshonaji. Mtayarishaji akawakwepa, akaja kusimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni.

Mpiga kamera aliweka jicho kwenye kamera.

"Bosi, sogea," akasema. "Unaniharibia picha."