Wenye Sufu Ndani, Walionyolewa Nje

Ikifika Agosti, baridi ikiwa bado kali huku kwetu kusini, sisi wafugaji wa nyanda za Monaro hatuna mazungumzo mengine isipokuwa hali ya hewa, na kusema kweli hatuizungumzi, tunaigombania. Nimeshaona ndugu wa tumbo moja wakinuniana wiki nzima kwa sababu mmoja alisema theluji itashuka mpaka barabarani na mwenzake akasema itaishia mlimani. Kila nyumba ina mtabiri wake, na kila mtabiri amesahau siku zote alizokosea.

Mimi naitwa Noelene. Wanyoaji wa kondoo wanapokuja shambani kwa shemeji yangu Lyall, mimi ndiye ninayewapikia, kama alivyokuwa akifanya mkewe, dada yangu Coral, kabla hajafariki. Lyall ni mtu mwema ukiwa huna shughuli naye. Mwaka huu alimkabidhi kundi binti yake Tegan, mbele ya majirani, kwa hotuba na bia, akasema kuanzia leo neno la mwisho ni la mtoto. Nilipiga makofi kama wengine. Lakini namjua Lyall: akikupa kiti, anakupa huku mwenyewe amekikalia.

Majike wenyewe walikuwa jasho la Tegan. Miaka mitano alikuwa akichagua madume, akipandisha, akibagua, mpaka akapata kondoo wa aina ya merino wenye sufu laini na miguu ya kupanda mawe yetu. Aliwajua kwa sura, mmoja mmoja, jambo ambalo mimi nikiwatazama siliwezi, wote naona ni pua moja. Na wote walikuwa na mimba. Huku kwetu tunawanyoa kabla ya kuzaa, ili mama anayesikia baridi atafute kificho na mtoto wake badala ya kumwacha uwanjani apigwe na upepo. Ni hesabu nzuri, ila ina siku zake za hatari. Kondoo aliyenyolewa jana yuko uchi, na akinyeshewa huku upepo wa kusini unamchapa, haoni asubuhi.

Wiki ile ilianza kwa aibu. Watabiri walitangaza dhoruba kwa siku ya kwanza ya kunyoa, Tegan akawaambia wanyoaji wasubiri. Dhoruba ikapinda kuelekea baharini. Jua likawaka siku nzima, wanaume wakacheza karata na kunimalizia skonzi za maboga, na kiongozi wao Tamati, mtu wa Nyuzilandi mwenye mabega kama mlango, akampa binti jina la Bibi Dhoruba. Lyall alicheka kuliko wote. Ilinichoma, kwa sababu najua angekuwa yeye ndiye aliyeahirisha, wangesema mzee ana busara.

Kesho yake wakaanza kazi. Mpaka saa za chai ya jioni nusu ya kundi ilikuwa imenyolewa, iko kwenye uwanja wa chini, imepauka na kushikamana. Nusu nyingine ilikuwa bado na sufu yake, inangoja zamu.

Redio ya asubuhi ilikuwa imesema mvua kidogo na nyuzi kumi za joto. Adhuhuri simu ya Tegan ikasema nyuzi nane na upepo. Nilipokuwa namimina chai akaingia jikoni, amekunja uso.

"Mama mdogo, zimeshuka tena. Wanasema tano usiku wa leo, na huenda pakawa na dhoruba."

"Basi fanya unaloona linafaa, mwanangu."

"Banda linabeba nusu tu ya kundi."

Hapo ndipo penye kisa chote, kwa hiyo nikieleze. Mvua ikinukia, sisi tunajaza banda kondoo wenye sufu, wakalala humo wakavu, ili asubuhi kazi iendelee. Kondoo aliyelowa hanyolewi. Sufu yake inaozea kwenye robota, na wanyoaji wanakataa, wanasema inawaletea ugonjwa wa mifupa. Wakikosa kondoo wakavu wanapakia mashine zao na kwenda shamba lingine walikoahidi, na kurudi kwao ni baada ya wiki nyingi, majike wakiwa wazito mno kushikwa. Kwa hiyo mvua tupu, wenye sufu ndani. Lakini mvua yenye baridi na upepo, wanaohitaji paa ni wale walionyolewa. Haiwezekani kuwaingiza wote.

Tegan alikwenda bandani, nami nyuma yake na birika la chai, akamwambia baba yake mbele ya watu, na hilo lilikuwa kosa, ila angemwambia wapi, na watu wako kila mahali?

"Baba, leo tuwaingize walionyolewa."

Lyall alikuwa anafagia vipande vya sufu sakafuni. Hakuacha kufagia. "Na hawa wenye sufu?"

"Walale nje."

"Walowe. Halafu kesho Tamati na wenzake wanyoe nini, mbwa?"

Wanaume wakacheka. Tamati akafuta shingo kwa taulo. "Mimi sina neno, mzee. Wakilowa tunakwenda zetu. Bibi Dhoruba ndiye mwenye kundi."

"Wanasema huenda pakawa na dhoruba," Tegan akasema.

"Huenda!" Lyall akasimamisha ufagio. "Hata mimi huenda nikawa waziri mkuu. Juzi hawakusema huenda, walisema itakuja, ikaja? Mimi nimelala na upepo huu tangu sijaota ndevu. Angalia mlima ule, dhoruba ingekuwa inakuja ungekuwa umefunikwa na mawingu. Ng'ombe wa jirani wangekuwa wamejibanza kwenye miti. Asiyesikia la mkuu, binti, huvunjika guu."

"Heri nusu shari, baba. Tukikosa siku moja ya kazi..."

"Tukiwakosa hawa hatuna wanyoaji mpaka Septemba! Unataka kuwashika majike wanaokaribia kuzaa?"

Nikasema, "Shemeji, si ulimpa mtoto kundi?"

"Noelene, chungu chako kinaungua."

Hakikuwa kinaungua. Nilimtazama Tegan ili niongeze neno, naye akanitikisia kichwa nisiongeze. Lyall akawapigia mbwa mluzi, wakaanza kuwasukuma wenye sufu kwenda bandani, na Tegan akaenda akamshikia baba yake lango. Alilishika vizuri, kwa adabu, mpaka wa mwisho akaingia. Nilitamani alifunge kwa kishindo.

Mvua ilianza wakati naandaa chakula cha jioni. Mezani palikuwa na nyama ya kondoo, viazi, na kelele. Redio ilikuwa juu ya kabati, na katikati ya kelele ile mtangazaji akabadili sauti kama wanavyofanya wakiwa na jambo.

"Onyo kwa wafugaji wa kondoo. Baridi kali, mvua na upepo mkali wa kusini-magharibi vinatarajiwa usiku huu katika nyanda za juu za kusini. Kuna hatari ya kupoteza wana-kondoo na kondoo walionyolewa karibuni."

Lyall alinyoosha mkono akaizima. "Chakula kitapoa," akasema.

Tegan alikuwa ameshasimama. Alikwenda mlangoni, akakaa kwenye kibao, akaingiza mguu mmoja kwenye buti, kisha wa pili. Nje mvua ilikuwa bado ni ya kawaida. Kulikuwa na mwanga wa taa uwanjani, kulikuwa na mbwa, kulikuwa na wanaume sita wenye nguvu mezani. Kubadilisha makundi ingekuwa kazi ya saa moja.

"Ukifungua banda sasa," Lyall akasema bila kugeuka, "hao wanalowa, na wale wameshalowa. Unapoteza pande zote mbili."

"Waliolowa wakiwa ndani hawatapigwa na upepo."

"Upepo gani? Unasikia upepo?"

Tukasikiliza wote. Upepo haukuwepo. Mmoja wa vijana akasema, "Bibi Dhoruba anatoka kwenda kuuita," na meza nzima ikaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha chuki. Walikuwa watu waliochoka, wameshiba, wako karibu na moto. Nikawaambia wakae kimya, wakanicheka na mimi.

Tegan alibaki pale kibaoni akitazama miguu yake. Uso ulikuwa umemwiva mpaka masikioni. Kisha akavua buti moja, akavua la pili, akayapanga ukutani, akarudi kumalizia viazi vyake.

Upepo ulifika tulipokwisha kulala. Niliusikia ukiliparuza paa la bati, na mvua ikageuka kuwa punje za barafu. Sikulala tena.

Alfajiri nilikuta Tegan ameshatangulia nje, nikavaa koti la marehemu dada yangu nikamfuata. Mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa ikija kwa ubavu, na sikuweza kuufungua mdomo kwa upepo. Kondoo akipigwa na upepo huupa mgongo na kwenda unakomsukuma mpaka azuiwe na kitu. Kilichowazuia ni kona ya uzio. Walikuwa wamejazana pale, wamepandana, waliotangulia chini na waliofuata juu, weupe juu ya theluji chafu. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, wamekakamaa. Wa pembeni walikuwa bado wanatetemeka, wamepiga magoti, na wengine wachache walikuwa wamejificha nyuma ya miti ya misonobari, wamesimama na vichwa chini.

Tegan alikuwa akiwavuta wa juu ili wa chini wapate pumzi, ikiwa yuko mwenye pumzi. Alikuwa akiwataja. Sijui kama alijua kuwa anataja kwa sauti: huyu ni yule wa mapacha, huyu ni mtoto wa kwanza wa lile dume lililotoka Bombala. Nilimshika mkono akanisukuma.

Lyall alikuja na taa, ingawa kulikuwa kumeanza kupambazuka. Alisimama mbele ya kona ile kwa muda mrefu. Kofia yake ilipeperuka na hakuitazama ilikokwenda. Kisha akageuka akaenda zake bandani, na sisi tukamfuata, maana huko ndiko kulikokuwa na watu wa kutusaidia.

Ndani ya banda kulikuwa na joto. Wenye sufu walikuwa wamelala wakicheua, wakavu kabisa. Wanyoaji walikuwa wamefika, wanapaka mashine mafuta kimyakimya, kwa sababu walikuwa wameshaona kupitia dirisha. Hakuna aliyemtania mtu. Tamati alikuwa amevua kofia.

"Mzee," akasema, "tunafanyaje?"

Lyall alipangusa uso. "Yaliyomwagika hayazoleki. Hawa wakavu. Anzeni kazi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Lyall! Uwanyoe na hawa, uwatoe kwenye kile kitu kilichoko nje?"

"Watakaa ndani mpaka itulie. Sasa unataka nifanye nini, Noelene? Nani angejua? Nani angejua kwamba itakuja namna hii?"

"Mimi nilijua," Tegan akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika kwenye viwiko.

"Nilijua, baba. Nilivaa buti. Watu wakacheka nikayavua." Akamtazama yule kijana aliyemtania mezani, kisha Tamati, kisha mzee, bila hasira, na ningependelea hasira. "Usijibebeshe lawama peke yako. Mimi ndiye mwenye kundi na nilikaa nikala viazi."

Akapita katikati yetu mpaka kwenye lango la ndani, akavuta komeo. Kisha akaenda kwenye lango kubwa la nje, akalifungua pande zote mbili, na upepo ukaingia ukapeperusha sufu yote ya jana iliyokuwa kwenye meza ya kuchambulia. Akawapigia mbwa mluzi. Kondoo wenye sufu wakainuka, wakasita, wakaanza kumiminika nje kwenye mvua.

"Tegan! Watalowa!" Lyall akamkimbilia, akashika ubao wa lango kana kwamba atalifunga. "Mtoto, watalowa, tutakosa kila kitu!"

"Walowe. Hao wana makoti. Wale wa nje tuliwavua jana."

Mzee akabaki ameshika ubao. Kondoo walimpita pande zote mbili, wakimgonga magotini. Tamati aliitupa taulo yake juu ya mashine, akasema, "Twendeni," na wanaume wakatoka mbio kuelekea konani, hata yule kijana wa mdomo, yeye akiwa wa mbele. Hakuna aliyekumbuka shamba lingine wala ahadi. Wakaanza kurudi mmoja mmoja, kila mtu na kondoo wake kifuani, na mimi na Tegan tukawapokea, tukawafuta kwa magunia, tukawalaza karibu karibu pale ambapo wenzao walikuwa wameacha joto lao. Baadhi walifia mikononi mwetu. Baadhi waliacha kutetemeka, na mwanzoni hatukujua kama hiyo ni heri au shari.

Lyall alikuja baada ya wote. Alikuwa amembeba jike mkubwa, anayumba naye, ndevu zimeganda, na machozi yanamtoka waziwazi kama mtoto. Sikuwa nimepata kumwona akilia, hata siku tulipomzika Coral. Akapiga magoti mbele ya binti yake akamwekea yule kondoo mapajani.

"Huyu," akasema. "Huyu anapumua, nimemsikia. Msaidie huyu."

Tegan aliweka kiganja kifuani mwa yule jike, akakiacha hapo. Akamfumbua jicho, akalifumba. Kisha akamshika baba yake bega, akamgeuza taratibu aelekee mlangoni.

"Amekufa, baba," akasema. "Nenda ukamlete aliye hai."

Naye mzee akainuka akarudi kwenye mvua.