Paa Linalokaa kwa Maneno

Msusi alikuwa amefika utosini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama kichaka, paa lilipoanza kuinuka. Hakuna aliyeshtuka. Mtaa mzima ulijua kuwa mabati ya nyumba ile hukaa kwa maneno: watu wakipiga soga yanatulia, wakinyamaza yanapanda. Ndiyo maana sebule yake haikukosa watu. Asiyekuwa na nywele za kusuka alikaribishwa alete umbea tu.

Tatizo siku hiyo lilikuwa kichwa chenyewe. Kilikuwa cha mke wa mwenye nyumba, aliyepangisha mtaa mzima, na umbea wote wa mtaa ulimhusu mumewe. Tangu mama huyo aketi soga zilizidi kupungua, hadi midomo ikafungwa kama iliyoshonwa.

Nje, uwanda ulikuwa umegeuka rangi ya chuma. Upepo wa masika ulipita ukiyang'oa mapaa ya majirani, yakaruka kuelekea mashambani kama kunguru. Kisha ikaja mvua ya mawe, makubwa kama mayai, yakaingia pale paa lilipoachana na ukuta.

"Semeni basi, jamani!" alisema msusi, vidole havijaacha nywele. "Nyumba yangu inaondoka! Shoga, si wewe wanakuita Redio?"

"Leo betri zimekwisha," alijibu Redio, akimtupia jicho aliyekuwa akisukwa.

Bati likapanda dhiraa nzima.

Mke wa mwenye nyumba akatoa jiwe la barafu mapajani. "Kumbe mnaniogopa mimi? Haya, sikilizeni. Misumari ya mapaa ya mtaa huu iko chini ya kitanda chetu, maboksi kwa maboksi. Mume wangu anasema msumari ukishapigwa kwenye bati umepotea. Mgongo huu mnaouona unalalia misumari yenu."

"Weee!"

"Toba!"

"Si niliwaambia mimi?" Redio alipayuka. "Si niliwaambia?"

Wakasema wote kwa mpigo, kila mmoja na lake, kelele zikaishinda mvua ya mawe. Paa likashuka, likajibwaga juu ya kuta kwa kishindo. Upepo ukalizunguka, ukalipapasa huku na huku, usipate pa kushika. Ndani walicheka hadi machozi. Msusi akamaliza kichwa, akakipaka mafuta.

Asubuhi mwenye nyumba akaja. Nyumba zote zilikuwa wazi juu, isipokuwa ile.

"Mnaiona kazi yangu?" akasema, akiupiga ukuta kofi. "Imara!"

"Na misumari, mzee?" msusi akamuuliza.

"Ya nini, na paa limekaa?"

Akaenda zake. Majirani wasio na paa wakaingia na viti, masufuria na watoto wao, na mkewe akaja amekumbatia mto. Kule uwandani mawingu yalikuwa yanajikusanya tena.

"Karibu, mwenzetu," msusi alimwambia, akivuta kiti. "Hebu tuambie, anakoroma?"

Sebule ikalipuka, na mabati yakajilaza vizuri zaidi.