Unga Umeingia

Mwajuma aliisikiliza ile sauti ya WhatsApp kwa mara ya tatu, simu ameibana sikioni ili watoto wasisikie.

"Mama Zuhura, unga imeingia. Imekuja kwa begi ya mtu kutoka Nairobi, airport imepita bila shida. Cyrus atakuangushia jioni. Usiambie mtu, iko kidogo. Na ukimaliza kusikia hii, futa."

Unga! Mwenzangu, kwa mtu aliyekulia Manzese, neno hilo likifuatana na begi na uwanja wa ndege halina haja ya mkalimani. Shaibu wa nyumba ya pili alibeba unga tumboni, akaozea jela ya ughaibuni, mama yake akafa anamwita. Na hapa Doha, kwa mambo ya unga, hawacheki na mtu.

Aliyetuma sauti ni Nasimiyu, Mkenya, mlinzi wa duka moja hapo hapo mtaani kwao, Fereej Bin Mahmoud. Yeye na wenzake hukusanya chakula wakazigawia familia zilizokwama. Familia ya Mwajuma ilikwama haswa: wamefika juzijuzi tu, hoteli aliyofanyia kazi mumewe Ibrahimu ikafungwa kwa ukarabati, mshahara ukasimama. Nasimiyu akawaletea mchele na dengu, akarudi tena na tena, anacheka tu. Mwajuma alishukuru, lakini moyoni akawa anajiuliza, huyu anatutakia nini? Si ndugu, si mtu wa kwetu. Leo akaona jibu amelipata. Kumbe ule mchele ulikuwa chambo! Wanatafuta nyumba ya kufichia mzigo.

Jioni Cyrus akagonga. Dereva mmoja katika wenzake Nasimiyu, kofia imemfunika macho. Alisukuma mfuko mweusi mlangoni, akasema, "Ni ile kitu," akashuka ngazi mbio, eti gari limeziba njia.

Ndani mlikuwa na paketi mbili, zimezungushiwa utepe wa gundi mpaka maandishi hayaonekani.

"Mama, ni chakula?" Zuhura akauliza. Yeye na mdogo wake walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu mkate wa asubuhi.

"Toka hapa!"

Mtoto akaruka kwa woga. Mwajuma akafunga mlango kwa komeo. Ampigie Ibrahimu, aliyekwenda mtaa wa Abu Hamour kuulizia kazi? Na kama simu zinasikilizwa? Atupe pipani? Chini kuna kamera. Akilini aliwaona wanawe wamewekwa kwenye ofisi ya polisi, wanalia, hakuna anayejua Kiswahili.

Akajifungia chooni na kisu. Alipasua paketi zote mbili, akamimina huku ameziba pua na kugeuza uso, asije akavuta hata chembe. Akavuta maji. Choo kikagoma. Akavuta tena, kikajaa. Akakimbia jikoni akachemsha birika, akarudi kumwagia maji ya moto ili ule mzigo uyeyuke upesi.

Haukuyeyuka. Ulivimba, ukawa mzito, ukaanza kutoa mapovu. Alipoachia pua, harufu ikampiga usoni, harufu ya jikoni kwa mama yake.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, mbona unapikia uji chooni?"

Ya Rabi! Mwajuma aliketi chini pale pale kwenye maji.

Mlango ukagongwa, akainuka kufungua. Nasimiyu, bado na sare za kazini, fungu la sukuma wiki mkononi. "Ugali imeiva? Paketi moja ilikuwa yangu, nikasema leo tukule pamoja. Ningekuwa nimetangaza, wamama wote wangenimaliza!"

"Nilidhani ni unga," Mwajuma akasema.

"Si ndiyo ni unga?"

"Unga ule... ule mwingine."

Nasimiyu alimtazama, akauona mlango wa choo ulio wazi, akaona na karatasi zilizopasuliwa. Kicheko kikamtoka usoni pole pole.

"Aki, Mama Zuhura. Na ule mchele nilikuwa naleta, ulikuwa unafikiria ni wa nini?"

Mwajuma akauvuta mlango wa choo, akaufunga. Nasimiyu akampa Zuhura ile sukuma, akamshika kichwa kidogo, akashuka ngazi bila kuaga.

Zuhura aliligeuza lile fungu mikononi.

"Mama, tutailia na nini?"