Miaka Miwili Mingine

Rajmati alikuwa ameshamtolea Mama Ganga, mto wao mtakatifu, sari yake ya manjano ndipo aliposikia kwamba tume ya mpaka haijamaliza kitu.

Hema la tume ndilo lililowaponza. Wao ni watu wa mchangani, kwenye ardhi ambayo mto huitupa upande wa jimbo la Bihar mwaka huu, mwaka mwingine upande wa jimbo la Uttar Pradesh. Walipoona hema, viti vya vitambaa na birika za chai, wakajua mpaka umepatikana. Nani aandae sherehe ya jambo lisilokwisha? Wanawake wakatoka wakiimba. Rajmati, mjane, alikuwa na nadhiri: siku shamba lake la ngano litakapotambuliwa kuwa lake, atamvalisha Mama Ganga. Akaenda kwa mtumbwi hadi katikati ya mto, akaiachia sari majini. Anachopewa Mama Ganga hakidaiwi.

Kisha katibu wa tume akashika kipaza sauti. Serikali zote mbili, alisema huku akitabasamu, zimekubali kuiongezea tume miaka miwili mingine.

Meza kuu ikapiga makofi! Rajmati damu ilimchemka. Mto uliwahi kulimeza shamba lake, lakini ulilirudisha. Hawa wa tume walikuwa wakila tu. Kila mavuno wababe wa ng'ambo walikuja na trekta wakazoa ngano yake. Polisi wa huku walisema shamba ni la kule, na wa kule wakasema ni la huku.

"Shemeji, kaa basi unywe chai," alisema Bisnath, mdogo wa marehemu mumewe.

"Wanywe wenyewe! Nipe mundu."

"Ngano haijaiva, shemeji."

"Wewe ndiye hujaiva. Ikishaiva, nani anaivuna?"

Akautwaa mundu, akaingia shambani, akaanza kukata. Wanawake wenzake wakamfuata. Wakuu wa polisi wa pande zote mbili, waliokuja kulinda hema, wakamfuata mbiombio.

"Mama, acha! Ardhi hii ina mgogoro."

"Hapa ni jimbo la nani?"

Wakatazamana.

"Tume ndiyo itakayosema," alijibu mmoja.

"Basi ikishasema, njoo unikamate."

Hakuna aliyemgusa. Punje zilikuwa bado na maziwa, na nyingi zingesinyaa zikianikwa. Watoto wake wangekula nusu ya walichostahili, naye alilijua hilo. Aliendelea kukata, akilia kwa hasira.