Papa Syauswa na Kamera za Vulamba

Papa Syauswa alikuwa amelinda lango la kanisa la Vulamba, mjini Butembo, miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba macho yake hayatoshi. Ndiyo maana Pasta Ésaïe alipomwita Jumatano asubuhi na kumwonyesha binti aliyekuwa akishuka kwenye pikipiki na karton ya kamera sita, mzee alijisikia kama amepigwa kofi mbele ya watu.

"Papa Syauswa, huyu ni Joyeuse, anatoka Beni," pasta alisema. "Kule makanisa mingi ilisha weka. Siku hizi lazima tujue nani anaingia na mufuko gani."

"Na miye? Niko nafanya nini pale mulangoni?"

"Mais wewe unabaki! Hii ni ya kukusaidia tu."

Kusaidia. Mzee alilijua neno hilo. Jirani yake alileta mashine ya kusaga unga "kusaidia" wamama waliokuwa wakitwanga, na kufika mwisho wa mwezi wamama wote walikuwa wamerudi nyumbani bila kazi.

Joyeuse alikuwa amevaa pulovu mbili na bado alikuwa akitetemeka, maana baridi ya Butembo haina huruma kwa mtu aliyezoea joto la Beni. Alipoegemeza ngazi ya kanisa ukutani, Syauswa alikuwa ameshaamua kutomsaidia. Lakini alijua kipandio cha tatu kimeoza.

"Ngojea! Usikanyage ile ya tatu. Utaanguka, halafu watasema ni miye."

Basi akamshikia ngazi. Alimshikia siku tatu. Alimwonyesha nguzo iliyokuwa ikiziba kamera ya nyuma, naye Joyeuse akaihamisha kamera bila ubishi. Waliongea juu ya kakao, juu ya barabara, juu ya mama yake Joyeuse aliyetaka binti awe muuguzi. Hata hivyo, roho ya mzee haikutulia. Jumamosi, Joyeuse alipowasha televisheni katika kabureau kadogo, chumba cha ofisi karibu na lango, na kumwita aangalie, aliona watu kutoka juu, vichwa tu, kama viazi ndani ya kitunga.

"Papa, hapana muzuri?"

"Ni muzuri," alijibu, kwa sauti ya mtu aliyepewa mboga isiyo na chumvi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya wamama. Zaidi ya wamama mia mbili waliingia wakiwa wamevaa kikwembe cha namna moja, kitenge cha kijani chenye maua ya njano, na kitambaa cha kichwa cha namna hiyo hiyo. Joyeuse alibaki ili aone kama vyombo vyake vinafanya kazi. Kweli vilifanya: Papa Kitsa, ambaye kila Jumapili hulala tangu somo la kwanza, alikaa wima mahubiri yote, macho yamekazwa kwenye kamera.

Wakati wa wimbo wa pili, mmoja wa wamama, Virginie, alitoka mbio hadi langoni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Papa Syauswa! Keren hapana iko! Nilikuwa nacheza, yeye alishika kikwembe yangu. Kuangalia chini, hapana mutoto!"

Keren alikuwa na miaka mitatu. Tangu asubuhi mzee hakuondoka langoni, na hakumwona mtoto yeyote akipita peke yake.

Joyeuse aliwavuta wote wawili ndani ya kabureau, akarudisha picha nyuma. Huyo hapo! Gauni jekundu katikati ya vikwembe. Mtoto aliachilia kikwembe cha mama yake ili ajikune pua, kisha akashika cha mwanamke mwingine kilicho sawasawa, akatoka nacho kwa mlango wa pembeni, ule ambao hauonwi na mtu anayesimama langoni.

"Ni nani huyo?" Virginie alilia. "Yesu wangu, ni nani?"

Joyeuse alikuza picha. Kitambaa kilifunika uso. Alijaribu kamera nyingine, mgongo tu. "Sura haionekani," alisema.

"Achana na sura," Syauswa alisema. "Rudisha tena. Nionyeshe vile anatembea."

Mwanamke yule akatembea tena. Mguu wa kushoto ukaenda nje kidogo, mkono ukashika kiuno, hatua nne, mkono kiunoni tena. Mzee akapiga meza kwa kiganja.

"Mama Eliane! Tangu aanguke na pikipiki njia ya Kamango, anatembea vile. Na ndiye anapika maharagi ya leo. Ameenda kugeuza chungu!"

Walikimbia hadi parseli ya pili nyuma ya kanisa, kiwanja chenye jiko. Jikoni, Keren alikuwa ameketi juu ya kibago, mkono ndani ya sahani, mchuzi umefika masikioni. Mama Eliane alishtuka kuwaona wanavyohema.

"Nilisikia kitu inavuta kikwembe, nikasema ni mujukuu wangu. Sikugeuka. Kufika hapa, kumbe ni mutoto wa watu! Nikasema ale kwanza, halafu nimurudishe."

Virginie alifungua mdomo ili agombe, kikatoka kicheko. Akamkumbatia mtoto, akamkumbatia Eliane, kisha akamshika mzee mikono yote miwili, akimshukuru kwa lugha ya kwao. "Wasingya, tata. Wasingya."

Njiani kurudi, Syauswa alitembea kando ya Joyeuse. Kisha akakohoa. "Kwa kweli, ule mulango wa pembeni miye sikuuona."

"Najua, Papa."

"Unaonaje, ile kurudisha nyuma, ni buton gani?"

Joyeuse alikuwa na tiketi ya kurudi Beni siku ile ile mchana. Aliondoka Jumatano, maana mzee alikuwa ameshika kalamu na kuchora kanisa lote juu ya kipande cha karton, na kila asubuhi alimngojea akiwa na sehemu nyingine iliyosahaulika.

"Donc," alikuwa akisema, "ile kamera ya njia ya jikoni, tunaweka lini?"