Wekundu Umeondoka

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019. Tufani ya theluji ilitulia alfajiri kijijini, huko kaskazini ya mbali, ikabaki baridi tupu. Dirisha la chumba lilikuwa limeganda kwa ndani, na kuvu nyeusi ilikuwa imepanda ukutani kutoka kwenye godoro la watoto.

Bibi Malaija aliushika mkono wa mjukuu wake Qillaq, akaugeuza kwenye mwanga wa taa. Kabla ya tufani, muuguzi alikuwa amemchoma mtoto sindano ndogo ya kupima kifua kikuu, juujuu chini ya ngozi, kikatokea kilengelenge. Aliagiza wasikune, wasifunike, wasiguse. Kesho yake pakavimba, pakawa pekundu. Malaija alitii. Alitazama tu, akaomba, na asubuhi hii wekundu ulikuwa umeondoka.

"Dada," alimwambia mtoto, "Mungu ametusikia."

Alimwita dada kwa sababu Qillaq lilikuwa jina la dada yake mkubwa, na kwao anayebeba jina hubeba na udugu. Huyo wa kwanza alichukuliwa na meli ya hospitali kwa ugonjwa huu huu, Malaija akiwa bado mdogo. Ufukweni, mkalimani alimwambia baba yao kwamba barafu ya bahari ikivunjika tena, msimu wa joto ujao, binti atakuwa amesharudi. Hakurudi, wala hawakuonyeshwa kaburi.

Kwenye kituo cha afya benchi lilikuwa limejaa. Leetia, mama wa mtoto, akiwa na tumbo la kukaribia kujifungua, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Muuguzi Joanne, mgeni wa kutoka kusini ambaye mkataba wake ungeisha Ijumaa, aliuliza tena ni akina nani waliolala chumba kimoja na mjomba Jaani, aliyesafirishwa mwezi uliopita akitema damu.

"Uliza nani hakulala," Leetia alisema. "Nyumba kubwa zaidi tunaiomba tangu huyu hajazaliwa. Au ulitaka tumtundike Jaani msumarini kama koti?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka kidogo. Joanne hakucheka.

Malaija mwenyewe ndiye aliyempandisha mtoto mkono wa sweta. Muuguzi hakuutazama sana ule mkono. Alifumba macho, akapitisha kidole polepole juu ya ngozi. Kidole kikasimama. Akachora kistari kwa kalamu. Akaanza upande wa pili. Kidole kikasimama tena, akachora kingine, kisha akaweka rula katikati.

Malaija alimtaka Leetia amwambie kwamba wekundu umeondoka.

Joanne alieleza kwamba wekundu haupimwi. Kinachopimwa ni ule ugumu wa chini ya ngozi, na kwa mtoto aliyelala chumba kimoja na mgonjwa hata milimita tano zinatosha. Hizi zilipita kumi. Si lazima awe mgonjwa, alisema, ila vijidudu vimeshaingia mwilini. Na kwa kuwa anakohoa, lazima apigwe picha ya kifua. Mashine kijijini haipo. Ndege ya kwenda hospitali ya kusini ingeondoka mchana huo. Leetia, na tumbo lile, asingeruhusiwa kupanda, na msindikizaji ni lazima ajue Kiingereza.

"Mwambie nitakaa kimya," Malaija alisema. "Kumshika mtoto mkono kunataka Kiingereza gani?"

Leetia alitafsiri. Joanne alisema sheria hakuitunga yeye. Mtoto angesafiri bila ndugu, na kuna mtu angempokea kwenye uwanja wa ndege huko kusini.

Ndipo Malaija alipokigusa kile kivimbe kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kigumu, kama kokoto ndani ya soksi. Hakuondoa kidole.

"Bibi, ndege ina madirisha?" Qillaq aliuliza.

"Inayo, dada."

Joanne alichuchumaa mbele yao, macho yamemlowa. Alisema jambo kwa sauti, akiwatazama wote waliokuwa kwenye benchi, mkono wake kifuani. Leetia alifungua mdomo, akaufunga.

"Anasema nini?" Malaija aliuliza. "Sema, wote wasikie."

"Anaahidi," Leetia alisema. "Anasema barafu ikivunjika tena, mtoto atakuwa amesharudi."