Sahihi ya Mzee Gichuru

Jumamosi moja ya mwaka 1979, saa tatu asubuhi, Waithera aliingia kwa Kabiru, mkodishaji wa vyombo vya kuinulia mizigo, akaomba winchi ya mnyororo, miguu mitatu ya chuma ya kuitundikia, na mabomba sita ya kubingirishia. Mashine yake ya kukereza vyuma, kilo mia saba, ilikuwa juu ya lori nje ya nyumba yake mtaani Ziwani. Dereva alikuwa ameapa kwamba ikifika saa nane haijashushwa, ataondoka nayo.

Waithera alikuwa amefagia karakana ya watu miaka kumi na mmoja. Mafundi walipoenda kula, yeye alikereza. Wote walijua, na hakuna aliyewahi kumwita fundi.

"Fomu inataka sahihi ya mwanamume," Kabiru alisema. "Kamwite mzee wako, mama."

"Sina mume. Nina baba tu, na alikufa mwaka wa sabini na mbili."

Kabiru aliisoma fomu upya, mbele na nyuma. "Haijasema lazima awe hai. Mlete."

Gichuru alifika saa nne unusu, ndani ya suti aliyozikwa nayo, soksi bila viatu. Alitia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa enzi za uhai wake. Kabiru akampa pole ya safari na kiti. Waithera, aliyekuwa amesimama tangu saa tatu, akabeba mabomba.

Ziwani majirani wote walitoka nje. Mlango wa Waithera ulikuwa umeshang'olewa pamoja na fremu yake. "Haya, harambee!" akapaza sauti Kavata wa nyumba ya pili, na mzee akauvuta mnyororo kwa nguvu zake zote. Kwa kuwa hakuwa na uzito tena, mnyororo haukusogea. Aliyepanda ni yeye, polepole, mpaka soksi zikawa sawa na paa. Kavata alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Baba, shuka!" Waithera akamwita, mbavu zikimuuma kwa kicheko.

"Ngoja kidogo, mama," akajibu. Alimwita bintiye hivyo tangu utotoni kwa kuwa alikuwa amempa jina la mama yake mwenyewe. "Huku kuna upepo mzuri sana."

Basi Waithera akavuta mwenyewe. Mashine ikainuka, lori likatoka chini yake, ikatua juu ya mabomba na kubingirika huku watu wakiimba, hadi sebuleni. Ilikuwa saa nane kasorobo. Furaha ilimlevya Waithera, akacheza na kila aliyekuwa karibu, hata dereva.

"Huyo mzee ana nguvu, jamani!" watu wakasema, wakimpigia makofi Gichuru aliyekuwa bado ananing'inia.

Jumatatu Nyamai, mwenye mashine ya kusaga unga, alileta shafti yake, ule mhimili wa kuzungusha mawe, iliyokuwa imelika. Waithera aliikereza mbele ya macho yake saa mbili nzima, na beringi mpya ya kuishika ikaingia bila kulazimishwa. Nyamai akaenda kumshika mkono Gichuru, aliyekuwa ameshashuka na kuketi pembeni.

"Kazi safi, fundi."

"Fundi ni huyu," Gichuru akasema, akimwonyesha bintiye.

"Nyinyi wazee mna utani!" Nyamai akacheka. "Sasa nilete ile nyingine lini?"

"Alhamisi," Waithera akajibu. Ilimuuma, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

Nyamai alibaki amesimama pale pale, akimtazama mzee.

"Alhamisi," akasema marehemu, na Nyamai akaondoka ameridhika.